Mfumo Mpya Unakuja Ofisini Nami Nina Miaka 46: Nianzie Wapi?

*Swali: "Nina umri wa miaka 46 na nimefanya kazi ya kushughulikia hati katika kampuni ya wakala wa forodha hapa Mombasa kwa miaka 19. Mkurugenzi wetu ametangaza kwamba kuanzia mwaka ujao kumbukumbu zote za mizigo zitatoka kwenye madaftari na kuhamia kwenye majedwali ya pamoja ya mtandaoni, na kwamba tutatarajiwa kutumia akili unde kuandika barua na ripoti. Tulipelekwa mafunzo ya siku mbili hotelini, lakini baada ya wiki tatu sikukumbuka hata nusu yake. Vijana wa ofisini wanabofya haraka hata sioni walichofanya. Juzi nilijaribu peke yangu kuandaa orodha ya makontena kwenye Excel, tarehe zikageuka kuwa nambari kama 45658, nikafunga kompyuta na kurudi kwenye daftari langu. Macho nayo huniuma nikitazama skrini kwa muda. Nafikiria kuchukua mkopo wa chama nijiunge na diploma ya kompyuta ya jioni, au nijifunze kuandika programu kama mpwa wangu anavyonishauri. Je, nimechelewa?"*

Dada yangu, hujachelewa, na ningekuomba usichukue mkopo huo kabla ya kulisoma jibu hili hadi mwisho. Barua yako imebeba hofu mbili zilizoshikana: ya kwanza ni kwamba huenda ukapoteza kazi, na ya pili ni kwamba akili yako haishiki tena mambo mapya. Hofu ya kwanza ina sababu zake na nitaijibu huko chini. Ya pili naiona imetokana na namna ulivyofundishwa, na ndiyo ninayotaka tuiondoe mwanzo, kwa sababu mtu anayeamini kwamba kasoro iko kichwani mwake huacha kujaribu.

Tuitazame ile nambari 45658, maana ndiyo iliyokufanya ufunge kompyuta. Hukuharibu kitu chochote. Excel haihifadhi tarehe jinsi sisi tunavyoiandika. Huhesabu siku, ikiipa tarehe 1 Januari 1900 nambari 1, na kwa hesabu hiyo tarehe 1 Januari 2025 inakuwa siku ya 45658. Safu yako ilikuwa imepangwa kuonyesha nambari badala ya tarehe, basi. Ukiichagua safu nzima, ukafungua mpangilio wa visanduku na kuchagua tarehe, kila kitu kitarudi kama ulivyokiandika. Na hesabu hiyo ya siku ipo kwa faida yako: kwa kuwa tarehe ni nambari, unaweza kutoa tarehe ambayo kontena lilishushwa melini kutoka kwenye tarehe lililotoka bandarini, ukajua papo hapo limekaa siku ngapi, siku za bure, yaani zile za kukaa bandarini bila kutozwa, zilikwisha lini, na mteja anadaiwa gharama za siku ngapi. Kazi hiyo sasa unaifanya kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, kontena moja baada ya jingine.

Ningekutahadharisha zaidi juu ya kosa ambalo halijionyeshi. Ukiandika 03/04/2025 kwenye kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kenya, itaielewa kuwa ni tarehe 3 Aprili; kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itaielewa kuwa ni tarehe 4 Machi, na haitakuuliza. Ukiiandikia hiyo ya pili 25/12/2024, haitapata mwezi wa 25, kwa hiyo itayaacha uliyoyaandika kama maandishi ya kawaida, na hesabu yoyote utakayojaribu kuifanya juu yake itagoma au itatoa jibu la ajabu. Ipo njia rahisi ya kugundua: kama hujabadilisha mpangilio wa safu, tarehe iliyoeleweka husogea upande wa kulia wa kisanduku, na iliyobaki kuwa maandishi hukaa upande wa kushoto. Tazama safu yako ya tarehe kwa jicho hilo kila unapopokea jedwali kutoka kwa mtu mwingine.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa makusudi. Mafunzo ya siku mbili uliyopelekwa, kama yalivyo mengi ya aina yake, nadhani yalikufundisha mahali pa kubofya. Vibonye huhama kila toleo jipya linapotoka, lakini wazo la jedwali lenyewe halijabadilika sana tangu VisiCalc, programu ya majedwali ya 1979, na Excel ya kwanza ya 1985. Anayeelewa kompyuta inavyohifadhi kitu huweza kukitafuta kibonye popote kilipohamishiwa, ilhali aliyekariri mahali pa kibonye hurudi mwanzo kila mwaka.

Kusahau kwako nako ni jambo la kawaida kwa binadamu wa umri wowote. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hudumu kuliko kukazana kwa siku moja. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wakaonyesha jambo jingine litakalokufaa: wanafunzi waliojipima kwa kujaribu kukumbuka walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena maandishi yaleyale. Maana yake kwako ni kwamba ukifunga kijitabu cha mafunzo na kujaribu kuifanya kazi bila kutazama, hata ukikwama, unajifunza zaidi kuliko ukikifungua na kukisoma mara ya tano.

Kuhusu vijana, nakuomba usilinganishe kasi ya vidole na ujuzi. Tangu mwandishi wa Marekani Marc Prensky aeneze mwaka 2001 dhana kwamba kizazi kilichokulia kwenye teknolojia huzaliwa nayo kama lugha ya mama, watafiti wameipima na hawakuipata kuwa kweli kwa kizazi kizima. Kijana anaweza kuwa mwepesi wa simu na bado asijue kwa nini jedwali lake linakataa kujumlisha. Sitakuficha kwamba kasi ya ubongo kushughulikia jambo jipya hupungua polepole kadiri umri unavyosonga, na huenda ukahitaji kurudia mara nyingi kuliko binti wa miaka 24. Lakini maarifa yaliyojengwa kwa miaka hayafuati mteremko huo, na hayo ndiyo yanayokuwezesha kuona kwa mara moja kwamba uzito ulioandikwa kwenye ankara haulingani na ule wa hati ya shehena.

Tena wewe umeshahama mifumo, ila hukuhesabu. Kwa miaka 19 ya kazi, ulianza wakati tamko la forodha likipitia mfumo wa Simba, ambao Mamlaka ya Mapato ilianza kuutumia mwaka 2005. Ukaja mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, unaopokea hati zote za biashara mahali pamoja, uliozinduliwa rasmi mwaka 2014, ikaja iTax ya kulipia kodi mtandaoni, na Simba yenyewe ikapisha iCMS, mfumo mpya wa forodha. Kila mara palikuwa na wiki za kuchanganyikiwa, kisha kazi ikaendelea. Tofauti ya safari hii ni moja, nayo ndiyo inayokutisha: mifumo ile ilikupa fomu iliyokwisha kutengenezwa, nawe ukajaza, ilhali jedwali la pamoja linakuja tupu, na ninyi ndio mtakaoamua muundo wake.

Kwa hiyo ujuzi wa kwanza unaouhitaji ni kupanga taarifa, na kanuni zake ni chache. Mstari mmoja ubebe kitu kimoja, kwa mfano kontena moja, na kila safu ibebe aina moja tu ya habari: nambari ya kontena, jina la mteja, meli, tarehe ya kushusha, tarehe ya kutoka. Usiunganishe visanduku ili jedwali lipendeze, kwa sababu visanduku vilivyounganishwa huvuruga upangaji na uchujaji. Usiandike "tar. 3, mteja hajalipa" ndani ya safu ya tarehe, fungua safu ya maelezo. Wala usitegemee rangi peke yake kueleza hali ya mzigo, maana wenzako hawajui njano yako ina maana gani, andika neno.

Hebu tuchukue nambari ya kontena, kitu unachokishika kila siku. Ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya mwisho ambayo mara nyingi huchorwa ndani ya kijisanduku. Tarakimu hiyo ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na herufi na tarakimu zote zilizotangulia, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya ISO 6346, ili mtu akikosea herufi au akipindua tarakimu mbili, mfumo uweze kugundua. Chukua CSQU3054383: ukiihesabu ile kanuni kwa herufi zake nne na 305438, jibu ni 3, na ndiyo tarakimu iliyo mwisho. Katika jedwali lenu jipya makosa mengi yatakuwa madogo kuliko hayo. Mmoja ataandika CSQU3054383, mwingine ataandika CSQU 3054383 akiacha nafasi katikati, na wa tatu ataacha nafasi mwishoni ambayo jicho halioni kabisa. Kwa mwanadamu hilo ni kontena moja. Kwa kompyuta hayo ni makontena matatu, na fomula ya kutafuta itakuambia kwamba mzigo haupo ilhali uko mbele yako. Ukilielewa hilo tu, na ukajifunza fomula ya TRIM inayoondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, pamoja na ile amri ya kutafuta na kubadilisha inayoweza kuondoa nafasi ya katikati, utakuwa umetatua malalamiko mengi yatakayotokea ofisini kwenu mwezi wa kwanza. Baada ya hapo jifunze kupanga, kuchuja, kujumlisha kwa masharti kwa SUMIF, na kutafuta kutoka jedwali moja hadi jingine kwa VLOOKUP au XLOOKUP. Kwa kazi yako hayo yanatosha kwa miezi kadhaa.

Kuhusu faili za pamoja, nina mambo mawili tu. Faili iwe moja mahali pamoja, na watu watumiane kiungo badala ya nakala, la sivyo mtaishia na "orodha mpya", "orodha mpya kabisa" na "orodha ya mwisho" na hakuna ajuaye ipi ya kweli. Na uonyeshwe mapema mahali ilipo historia ya mabadiliko, kwa sababu hofu yako ya kuharibu itapungua sana ukijua kwamba jedwali la jana linaweza kurudishwa.

Sasa akili unde. Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, na nyingine za aina yake, zimefunzwa kwa maandishi mengi mno hadi zikaweza kukisia neno gani lifuate lipi. Ndiyo maana huandika barua nzuri kwa sekunde chache, na ndiyo maana pia huweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa ufasaha uleule. Nyingine siku hizi hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, jambo linalosaidia, lakini haliondoi wajibu wa kukagua. Ukiiuliza msimbo wa HS, yaani nambari ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, wa bidhaa fulani, itakupa nambari kwa kujiamini, na nambari hiyo inaweza kuwa ya bidhaa jirani. Wewe unajua uzito wa kosa hilo: tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vinne vikuu vya asilimia 0, 10, 25 na 35, na kuteleza kutoka kundi moja hadi jingine kunaweza kumtwisha mteja deni au kuuzuia mzigo wake. Itumie kusahihisha barua, kufupisha uzi mrefu wa barua pepe, kukueleza fomula iliyogoma, au kukutungia mazoezi. Uainishaji wa bidhaa uthibitishe kwenye kitabu cha ushuru chenyewe, kama ulivyofanya siku zote.

Na usiibandikie habari za wateja bila ruhusa ya wazi ya ofisi. Ankara yenye bei, PIN ya mteja, nakala ya pasipoti au ya kitambulisho, vyote hivyo ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka kampuni yenu iwajibike kwa taarifa binafsi inazozishika. Muulize mkurugenzi ni programu ipi iliyoidhinishwa na ni habari zipi zisizoruhusiwa kuingizwa humo. Kama jibu halipo, swali lako litakuwa limeisaidia kampuni nzima.

Turudi kwenye mkopo. Diploma ya kompyuta si kitu kibaya, lakini kwa hali yako naiona ni njia ndefu ya kufikia jambo la karibu: utalipa ada na kutumia jioni nyingi kujifunza vifaa vya kompyuta, mitandao na mengine ambayo mwajiri wako hakuyaomba, na huku mfumo mpya unaanza mwaka ujao. Kuandika programu nako ni ujuzi wa thamani kwa mpwa wako. Kwako kunaweza kusubiri, maana asiyejua kupanga jedwali safi hana data ya kuipa programu yake. Ukihitaji cheti cha kuonyesha, kozi fupi ya majedwali au mtihani wa ICDL, cheti cha kimataifa cha matumizi ya kompyuta, ni nafuu kwa muda kuliko diploma, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor ni mahali pazuri pa kuuliza kozi fupi zilizopo na ada zake. Mpango wa Ajira Digital wa serikali, pamoja na masomo ya bure ya Microsoft na Google, yatakutosha kwa msingi, ingawa hayana mtu wa kukuuliza umefika wapi, na hilo huwashinda wengi. Nikiambiwa nichague mahali pa kuweka fedha zako, na kama bado huna cheti cha utendaji wa forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, kinachofundishwa na shule ya Mamlaka ya Mapato, KESRA, ambayo ina kampasi hapa Mombasa, ningeanza na hicho. Kinautambua rasmi ujuzi ulio nao tayari, na ujuzi huo ndio utakaowafanya wakuhitaji kwenye mfumo wowote.

Kwa mazoezi, tenga nusu saa kila siku ya kazi, ikiwezekana asubuhi kabla simu hazijaanza, na utumie mizigo yako halisi. Andika makontena ya siku hiyo kwenye daftari kama kawaida, kisha yaandike kwenye jedwali, na Ijumaa ulinganishe hesabu za pande zote mbili. Usiliache daftari hadi hesabu hizo zilingane wiki nne mfululizo. Jumatatu fungua jedwali tupu na ulijenge upya bila kutazama la wiki iliyopita. Chagua kijana mmoja mwenye subira, umwombe akufundishe kwa sharti moja: kipanya kikae mkononi mwako. Anaposhika yeye, anajifunza yeye. Kuuliza si ujinga, na wewe nawe una la kumpa, kwa sababu nina hakika hajui kusoma hati ya shehena kama unavyoisoma wewe.

Lipo jambo ambalo maandishi yangu hayawezi kulitatua, nalo ni macho yako. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hupoteza polepole uwezo wa kujirekebisha kwa vitu vya karibu, na nimewaona watu waliojiita wazito wa kompyuta ambao kwa kweli walikuwa hawazioni herufi vizuri. Nenda kwa mtaalamu wa macho, na kabla ya kwenda pima umbali kutoka usoni pako hadi kwenye skrini ya ofisini, kwa sababu miwani ya kusomea kitabu hutengenezwa kwa umbali mfupi kuliko huo, na bila kumwambia huenda akakupa isiyofaa. Kuza herufi za skrini, na uinue macho utazame mbali kila baada ya dakika 20 hivi. Lakini maumivu yakiwa makali, au uoni ukififia ghafla, au ukiona mimweko ya mwanga, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa ile hofu ya kazi. Ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya mwaka 2025 iliwanukuu waajiri wakikadiria kwamba asilimia 39 ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi utabadilika ifikapo 2030. Watu huisoma takwimu hiyo kwa kuogopa; mimi naona pia kwamba sehemu kubwa zaidi inabaki, na kwako sehemu hiyo ni miaka 19 ya kujua mizigo. Usiketi ukisubiri kuhukumiwa. Mwandikie mkurugenzi barua fupi ukimuuliza mfumo gani utatumika, utaanza lini, mafunzo ya kuendelea yatakuwa saa za kazi au la, na ujitolee kushiriki katika kuamua safu za jedwali la mizigo. Weka nakala ya barua hiyo na ya majibu.

Ikitokea kampuni ikasema nafasi yako haihitajiki tena, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, ina masharti yake: taarifa ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja, kwa afisa wa kazi wa eneo na kwako wewe, au kwake na kwa chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama; uteuzi wa wanaoondoka unaozingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu; na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ukiitwa chumbani na kuwekewa karatasi mbele yako, omba muda wa kuisoma, ondoka nayo bila kutia sahihi, na uipeleke kwa afisa wa kazi au kwa wakili pamoja na mkataba wako na ile nakala ya barua.